Mgonjwa Wangu wa Kakesio

Shuka za harusi yetu nilizichana mwenyewe, vipande vya upana wa vidole vinne, mke wangu akinitazama. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Uganda, wakati hata sabuni ilipatikana kwa kufahamiana na mtu. Bendeji ningezitoa wapi? Nilizichemsha, nikazianika uani pale kwetu Karatu, nikazikunja kijeshi. Jirani akauliza kama tunatarajia mtoto, maana zile ni nepi. "Nepi za wanaume," nikamjibu.

Jeshini nilikuwa msaidizi wa matibabu. Wenzangu waliniita daktari na mimi sikuwakataza. Nilipostaafu nilirudi kwenye shamba langu la mahindi na maharage, lakini wenzangu wa huku kwetu walirudi na majeraha yasiyostaafu. Wawili walikuwa hapa hapa Karatu, mmoja Digodigo, na wa mwisho Kakesio, mfugaji wa Kimaasai. Niliwazungukia kwa hiari yangu, hakuna aliyenituma.

Wa Kakesio ndiye aliyekuwa mbali, na ndiye niliyempenda kuliko wote. Kila mwezi nilidandia lori la mahindi lililopita hifadhini, likaniacha njiani, kisha nikatembea siku nzima. Kipande cha bomu kilikuwa kimempiga kwenye muundi wa mguu wa kushoto na mfupa haukupona. Ulitoa usaha, ukatoa na vipande vidogo kama chenga za mchele. Nilivichomoa kwa kibanio, nikasafisha kwa maji ya chumvi, nikafunga. Mke wake nilimfundisha kufua bendeji na kuzikunja. Hospitali hakutaka hata kuisikia, kwa sababu vitani alisaidia kufukia miguu iliyokatwa, nyuma ya hema letu la wagonjwa.

"Daktari, mchungaji wa mguu mmoja anachunga nini?" aliniuliza. "Kuku?"

Tulicheka, kisha tukapatana. Ubaya ukikaribia goti, nitampeleka hospitali mimi mwenyewe, na nitakaa naye mpaka mwisho. Akipelekwa na mtu mwingine, haendi. Safari moja nikakuta uvimbe umepanda. Nikamwambia, "Mwezi ujao nikija, tunakwenda." "Ukija, tutakwenda," akasema.

Niliporudi nyumbani, wiki ile ile, kitinda mimba wetu akashikwa na homa. Msichana wa miaka minne. Siku ya nne tulimzika. Mimi niliyezoea kufunga vidonda vya wanaume wazima sikuweza kumfanyia kitu, na mpaka leo sipendi kueleza zaidi ya hapo.

Mama yangu alikuwa mtu wa zamani. Kwa Wairaqw wa rika lake, nyumba iliyofiwa na mtoto hukaa peke yake. Hamwingii kwa jirani, hamchoti maji penye wengine, hamgusi mifugo ya mtu, mpaka wazee waje kuwatakasa, na hiyo ni miezi. Padri alikuwa ameshatuambia tuachane na mambo hayo. Nilikuwa Mkristo, nilikuwa askari, ningeweza kuchukua mkoba wangu na kuondoka.

"Mwanangu, usipeleke msiba wetu kwenye ng'ombe wa watu," mama alinisihi.

Nikamtii. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema nilimtii kwa heshima, na huo ni uongo. Sikutaka kumwona mtu. Sikutaka kugusa kidonda cha mwingine hali changu kibichi. Mwiko ule ulinipa mlango wa kufunga, nami nikaufunga vizuri sana. Nilisimama kando ya shamba nikampigia kelele dereva wa lori: amfikishie mgonjwa wangu habari kwamba nimefiwa na mtoto, sitoki, asinisubiri, aende hospitali. Nikajiona nimemaliza kazi.

Tulitakaswa mvua zikielekea kwisha. Kesho yake nikadandia lori.

Kakesio nilimkuta mke wake nje ya nyumba. Hakunieleza kitu. Wamaasai hawatamki jina la aliyekufa, na yeye wala hakulihitaji. Aliingia ndani, akatoka na bendeji zangu, zimefuliwa zote, zimekunjwa kijeshi kama nilivyomfundisha. Nikakaa chini pale pale.

"Ujumbe wangu haukufika?" nikamuuliza.

"Ulifika," alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Sasa mbona hakwenda hospitali?"

"Alisema, daktari amefiwa, hawezi kutoka, basi mimi nitakwenda kwake. Akachukua kondoo wa kumpa pole mama wa mtoto. Nilimkataza, daktari. Akasema wewe umekuja hapa mara nyingi, yeye hajui hata mlango wako."

Alitembea siku mbili kwa mguu ule, ameegemea fimbo, akimswaga kondoo. Penye njia panda ya hospitali hakukata kona. Wafugaji walimkuta mbele kidogo, amekaa kando ya barabara, anatetemeka kwa homa. Walitaka kumpeleka hospitali, akawaambia huko ana ahadi ya kwenda na mtu. Wakamrudisha nyumbani juu ya punda. Hakumaliza wiki.

Nililia mbele ya yule mama, mimi mzee mzima, na yeye aliyefiwa ndiye aliyeniletea maji. Kisha akaenda zizini, akanitolea kondoo. "Wenu huyu," alisema. Nilimswaga mpaka barabarani, utingo wa lori akanisaidia kumpandisha.

Nilifika Karatu mchana. Mke wangu alikuwa anapepeta maharage, akauliza kondoo wa nani.

"Kuna mtu alikuwa anakuja kutupa pole," nikamwambia.

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akachungulia njiani nyuma yangu.

"Sasa mbona humkaribishi?"