Bwana Utawashwa

Mjomba wangu Manase aligawa klorokwini kwa miaka ishirini na saba, na kila aliyempa vidonge alimwambia maneno yale yale: "Utapona, lakini utawashwa." Alianza kuyasema katika zahanati ya kijiji wilayani Ludewa, kwenye mteremko wa kuelekea ziwani ambako malaria haikosi nyumba. Aliendelea kuyasema Makambako, alikofungua duka la dawa baridi baada ya serikali kumpunguza kazini mwaka 1992. Watu walimwita Bwana Utawashwa, mbele yake na nyuma yake. Hakuchukia. Alisema waganga wengi huahidi nusu ya kwanza tu ya sentensi.

Kilichomshangaza miaka yote ni kwamba muwasho haukuwa na kanuni. Vidonge ni vile vile, vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa, lakini huyu aliwashwa viganja, yule nyayo, na mwinjilisti mmoja aliwashwa sikio la kushoto peke yake. Aliyaandika yote katika daftari, si kwa kuagizwa na mtu, bali kwa kuyapenda.

Mwaka 1994 nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, Mlimani, nikimsaidia dukani. Jirani yetu alikuwa Zamda, mama wa Kondoa aliyeuza mitumba, mwepesi wa ulimi na mwepesi wa kuuza. Siku moja alifungua robota la makoti ya watoto, na katikati ya makoti akakuta boksi lenye kitabu cha Kiingereza na dadu za ajabu, moja ikiwa na pande ishirini. Akaniletea.

"Eveline, wewe msomi. Nisomee hiki nijue nauza nini."

Nilisoma siku mbili. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mmoja anaongoza hadithi, wengine wanajifanya watu waliomo ndani yake, na dadu ndiyo inayoamua kama walilojaribu limewezekana. Nilimwonyesha Zamda picha za watu hao achague mmoja. Akaweka kidole kwa mwanamke mwenye joho.

"Huyo ni mchawi," nikamwambia.

"Mchawi? Mimi? Nimekuja mji wa watu, nauza kuliko wenyeji, halafu nijiite mchawi kwa mdomo wangu mwenyewe? Nirudishie boksi langu!"

Mjomba, aliyekuwa akihesabu vidonge, akacheka. "Jirani, barua yangu ya kazi iliandikwa Mganga Msaidizi Vijijini. Serikali nzima iliniita mganga na hakuna aliyekimbia. Na wewe uwe mganga."

Zamda akakubali. Nikaendelea kueleza kwamba mganga wa mchezo huu hana hakika na kazi yake. Anaweza kutaka moto ukawaka, lakini dadu ikiangukia vibaya kunatokea na jambo jingine ambalo hakuliomba: nywele zinageuka majani, au sauti inakuwa ya chura. Kuna jedwali zima la mambo hayo, na dadu ndiyo inayochagua.

Mjomba akaweka vidonge chini. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Yaani anapona, lakini anawashwa."

"Ndiyo, Mjomba."

"Aliyetunga kitu hiki," alisema, "aliwahi kugawa klorokwini."

Tangu siku hiyo tulicheza kila alasiri, wateja wakipungua na upepo ukipiga mabati. Mjomba ndiye aliyeongoza. Jedwali la kitabuni hakuliona la maana, akaandika la kwake kwenye kurasa za mwisho za daftari lake, akaliita Muwasho. Namba tatu, mganga atasema Kikinga hata kama hakijui. Namba kumi na moja, kuku wote wa mtaa watamfuata. Namba kumi na tano, kivuli chake kitatangulia kufika. Mchezoni Zamda alikausha tope lote la barabara ya Iwawa ili malori ya viazi yapite, akarudi mjini na kuku mia mbili nyuma yake, akicheka hadi wauza vitunguu wakaja kuchungulia. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Katika mchezo ule nilimsikia akisema kwa saa nzima, na shangazi yangu Tabea alisema hajamwona hivyo tangu harusi yao.

Basi siku moja Konsolata, muuza viazi, alikuja kununua panadoli. Alifika mlangoni Zamda akiwa amesimama na mikono juu.

"Nimewageuza! Kamati yote ya mazishi sasa ni mbuzi!"

"Vizuri, mganga," akajibu Mjomba. "Sasa tupa dadu tuone wewe utaota nini."

Konsolata hakununua panadoli. Aligeuka na kuondoka mbio.

Haikupita wiki, benchi la wagonjwa likawa tupu. Walisema Mjomba anachanganya dawa za serikali na za usiku, na kwamba Zamda ndiye anayemletea. Aliyekuwa amenunua vidonge juzi alivimwaga chooni. Kisha tukaletewa habari kwamba wazee wa kanisa wamelisikia jambo hilo na watamtuma mmoja wao, Mzee Elius, siku ya Alhamisi.

"Tuuchome mchezo huu," Zamda alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Nyinyi mna ukoo hapa. Mimi wataanza na nyumba yangu."

"Tukiuchoma tumekiri," Mjomba akajibu. Aligeuzageuza chupa ya vidonge. "Nikiitwa mchawi, nani atameza kidonge kutoka mkononi mwangu? Majumbani watoto wana homa, na dawa iko hapa."

Alhamisi alitoa meza nje, barazani, mahali ambapo kila mpita njia angeona, akapanga dadu juu yake na kukandamiza daftari kwa jiwe lisipeperuke. Zamda alikaa, mtandio ameukaza. Nami nikakaa.

Mzee Elius alifika na koti lake refu.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina. Kamwene, mzee."

"Kamwene. Manase, nasikia unafuga wachawi."

"Ninaye mmoja tu. Huyu hapa, anauza makoti."

"Mganga, mzee," Zamda akasema haraka. "Mganga msaidizi."

"Na dadu? Dadu ni kamari."

"Tafuta hela iko wapi," Mjomba akamwambia. Mzee Elius akainama kweli, akatazama chini ya meza. Watu walikuwa wameanza kusimama.

"Mzee, mwaka jana ulirudi kutoka Ludewa na homa. Nilikuambiaje?"

"Utapona, lakini utawashwa."

"Ukawashwa wapi?"

Mzee Elius akatazama pembeni. "Mgongoni. Katikati. Siku ya ibada."

"Ulijisugua kwenye nguzo ya kanisa kama ng'ombe. Nilikudanganya?"

"Hukunidanganya."

"Basi mchezo wenyewe ndio huo. Shika dadu, ujionee."

Aliishika kama kaa la moto. "Nifanye nini?"

"Uite mvua."

"Mvua ni ya Mungu."

"Basi zuia upepo."

"Upepo nao ni wa Mungu."

"Huu wa Makambako?" Zamda akauliza, kofia ya mtu ikipita ikibiringika barabarani. "Una hakika, mzee?"

Mtu akacheka. Mzee Elius akatupa, na Mjomba akatangaza kwamba upepo wa mchezoni umetulia, lakini muwasho ni namba saba. Nilisoma kwa sauti: "Ulimi wa mganga utapinduka mpaka jua lizame. Ndiyo yake itatoka hapana, na hapana yake itatoka ndiyo."

"Sasa nakuuliza mbele ya watu," Mjomba akasema. "Mchezo huu ni uchawi?"

Mzee Elius akajinyoosha. "Ndiyo—"

"Amesema hapana!" Zamda akaruka.

"Hapana, mimi nilisema—"

"Sasa amesema ndiyo," Mjomba akasikitika. "Ndio muwasho, mzee. Hauna kanuni."

Mzee Elius akatutazama mmoja mmoja. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka hadi akavua kofia kujifuta machozi, na baraza zima likacheka naye.

"Lakini hao mbuzi muwarudishe kuwa watu," alisema alipopata pumzi. "Mwenyekiti wa kamati ya mazishi ni mimi."

Akaomba aone namba nyingine, akavuta daftari karibu.

Hapo ndipo nilipomwona Konsolata nyuma ya watu, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa tangu juzi. Mjomba alimpima kwa kiganja, akampima tena kwa kipimajoto, akakata vidonge juu ya karatasi na kumweleza avisage na sukari, na homa isiposhuka ampeleke hospitali bila kumngoja yeye. Konsolata alisikiliza bila kunyoosha mkono.

"Atapona," Mjomba akasema, "lakini..."

"Atawashwa," Mzee Elius akamalizia, macho yakiwa bado kwenye jedwali.

Konsolata akanyoosha mkono.