Susu Alitaka Maneno, Nikamletea Moto

Betri ya gari iliyotoka kuchajiwa Sultan Hamud ina harufu ya yai lililooza, na hata leo nikiisikia najiona nimekaa sakafuni dukani kwa Baba Mutuku, kule Kilungu, shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na runinga upande wetu wa mlima, na iliwashwa kwa betri hiyo. Likizo ile ya Desemba, kila Jumapili baada ya kanisa, watu walijazana pale na Biblia zao mkononi kutazama mchezo wa kuigiza. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Susu, nyanya yangu mzaa mama, hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, kwa hiyo nilikaa miguuni pake nikimtafsiria kwa Kikamba.

Alikuwa msumbufu kweli. Gari likiruka na kulipuka, sisi watoto tukipiga mayowe, yeye alinifinya bega: "Huyo wa ndani ni mtoto wa nani? Kwao wameambiwa?" Sikujua, na sikujali. Kwangu mchezo mzuri ulikuwa ule wenye moshi mwingi. Watu wakianza kuzungumza nilipiga miayo. Susu alikuwa kinyume. Moto ukiwaka aliinama kujifunga leso upya, wakizungumza alitulia kama mtu aliye mbele ya daktari. "Ngewa iko wapi?" aliniuliza kila mara. Ngewa kwetu ni hadithi, ni habari, ni mazungumzo pia. Nilimwona mshamba, Mungu anisamehe.

Hadithi ilikuwa ya mama aliyeibiwa mtoto mchanga. Mtoto akakua, akaja kuajiriwa dereva katika nyumba ya mama huyohuyo, wasijuane. Susu naye alikuwa na mwana, mjomba wangu Mutinda, aliyeshuka Mombasa kutafuta kazi na hakuleta habari tena. Nyumbani hakuna aliyemtaja. Lakini hata mimi wa miaka tisa nilijua kwa nini Susu hakukosa Jumapili hata moja.

Jumapili ya mwisho goti lake lilivimba, mteremko ukamshinda. Akaniita. "Kanini, nenda wewe. Usikilize mama atamwambia nini mtoto wakishajuana. Uniletee maneno yake." Nikaitikia na kushuka mbio.

Wacha tu! Siku hiyo walichoma nyumba nzima. Helikopta ilikuja, vioo vikapasuka, paa likaporomoka. Mama na kijana walipokutana uani, sisi watoto tulikuwa tumesimama tukibishana nani ameona paa kwanza, na watu wazima wanatukemea tunyamaze. Nilipogeuka niliona mama akifumba midomo. Mchezo ukaisha.

Nilimkuta Susu jikoni, mguu ameunyoosha juu ya gunia, anachambua maharagwe. Nikamsimulia moto, mikono yangu ikiruka huku na huku. Aliniacha nimalize.

"Na mama alisema nini?"

"Alilia, Susu."

"Alilia akisema nini?"

"Sikusikia. Kulikuwa na moto."

Hakunigombeza. Alisema "haya" tu, akarudia kuchambua hata yale maharagwe aliyokuwa ameshayachambua. Angenichapa ningeshukuru. Susu alizikwa bila Mutinda kurudi, na maneno yale sikumletea kamwe.

Siku hizi nakaa Malili, na wanangu wana runinga pana kama mlango. Wananiita nije nione majoka na miji inayozama baharini. "Mum, ona picha ilivyo safi!" Ni safi, siwezi kukataa. Nami bado nashtuka na kufurahi, halafu najisikia vibaya kwa kufurahi. Nikiwauliza hao watu wanapigania nini, wananiambia ninyamaze, sehemu nzuri inakuja.

Mwezi uliopita kijana wangu alinitafutia ule mchezo wa zamani kwenye simu. Ala! Nyumba iliyoungua ni ya mbao nyembamba, na kamba inayovuta paa inaonekana wazi. Nilicheka, haki. Kisha nikafika pale uani. Mama yule halii hata kidogo. Anamtazama kijana kutoka kichwani hadi viatuni, anamfuta majivu shavuni, anamuuliza kama amekula.

Kwa Kikamba hilo ni neno moja tu. Mtoto wa miaka tisa angelifikisha.