Elfu Mbili na Tatu

Nikisikia harufu ya chokaa mbichi, ile wanayochorea mistari uwanjani, jina la kapteni mmoja wa jeshi hunijia mdomoni. Silitaji. Hastahili wino wangu.

Tulikuwa uwanja wa Nakivubo, watoto wa shule kadhaa za Kampala, tumevaa nyeupe tupu, tukifanya mazoezi ya gwaride la jeshi. Baba yangu alikuwa polisi, na kambini kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, kwa hiyo nilielewa kila upuuzi uliomtoka bwana yule kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Na ulikuwa mwingi, jamani! Tumbo mbele, fimbo kwapani, miwani ya jua hata mawingu yakitanda.

Asubuhi askari wake walihesabu kila aliyevaa nyeupe wakapata elfu mbili na tatu. Kapteni akairipoti idadi hiyo kwa wakubwa wake, kisha akaamuru tusimame kwa mistari iliyo sawa, asibaki mtu.

Tukajipanga kumi kumi, wakabaki watatu. Saba saba, akabaki mmoja. Kumi na mmoja, mmoja tena. Kumi na watatu, yule yule mmoja! Jua lilituchoma, askari wakitukimbiza kwa viboko kama mbuzi, na kapteni akifoka kwamba tunamhujumu.

Mwalimu Benedikto, mwalimu wetu wa hesabu, alikuwa akituongoza, naye kavaa nyeupe kama sisi. Alimsogelea kwa adabu.

"Samahani, afande. Elfu mbili na tatu ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hata tukikesha hapa."

"Namba gani hii nakataa amri ya jeshi?"

"Haikatai, afande. Ndivyo ilivyo."

"Nani nafundisha yeye?"

Tulicheka. Tungefanyaje? Mtu mzima, nyota mabegani, anauliza namba imefundishwa na nani! Lakini Mwalimu hakucheka. Uso ulimbadilika, akaanza kusema haraka haraka.

"Walinihesabu na mimi, afande. Nikitoka, wanabaki elfu mbili na wawili. Watu ishirini na wawili kila mstari, mistari tisini na mmoja. Hatabaki mtu."

Kapteni alivua miwani yake. "Kumbe ni wewe naharibu hesabu."

Akapunga fimbo. Askari wawili wakamkamata Mwalimu, wakamsukumiza ndani ya buti la gari lililoegeshwa kando ya uwanja, wakalifunga.

Tukajipanga ishirini na wawili. Ikakubali! Bwana mkubwa akapita mbele yetu akitabasamu, utadhani kugawanya amekuvumbua yeye, mpumbavu yule asiyejua hata saba mara nane. Ile idadi aliyoripoti hakuikumbuka tena. Akaamuru tujipigie makofi.

Mwalimu Benedikto hakurudi. Mkewe alizunguka kambi hadi kambi akiuliza, akafukuzwa kote, mpaka akachoka.

Mimi siku ile nilikuwa darasa la sita, na hesabu niliipenda kupita kiasi. Nilipiga makofi kuliko wote, nikashangilia mpaka sauti ikanikauka, kwa sababu Mwalimu alikuwa amepata jibu na nilitaka ajue. Nilidhani atatolewa muda si mrefu. Gari lilikuwa bado pale pale, hatua chache kutoka mstari wetu. Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa alichokisikia mle ndani: watoto wake mwenyewe wa darasani, wakishangilia kwamba yeye ametolewa kwenye hesabu.