Gari la Kufika Mtoni

Mlangoni mwa nyumba yangu, hapa Palma, kulikuwa na mafurushi matano. Kila aliyewahi kukimbia vita akarudi anayo, asikudanganye mtu. Langu lina hati, nguo mbili na dawa ya kichwa. La mume wangu lina nguo na chaja ya simu. Ya watoto wetu watatu yana nguo na madaftari, kwa sababu mkubwa alikataa katakata kuacha madaftari yake na wadogo wakamuiga. Kila asubuhi kabla ya kufungua biashara niliyapitishia macho, moja mpaka tano, nikaenda zangu.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hakuwa na furushi. Nilimsema mpaka nikachoka. Nikamnunulia mfuko mzuri wenye zipu, akautia vitunguu. Nikamfungia mwenyewe nguo zake kwenye kanga, kesho yake nikakuta kaifungua na nguo zimerudi kwenye sanduku. Niliona ni ukaidi wa uzee, na mimi hasira zangu ziko karibu, basi tuligombana kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Kugombana nako ni kusema tu. Nilikuwa nagomba mimi, yeye ananyamaza, na kunyamaza kwake kunanichoma kuliko matusi.

Ninauza barafu na maji baridi. Juu ya bati letu kuna paneli nane za jua, tulizozinunua mojamoja tangu turudi, na zinaendesha friza mbili hata umeme wa vila, huu mji wetu, ukikatika. Mume wangu alikuwa akipeleka barafu kwa wavuvi mpaka Quionga, kwa gari letu la zamani la petroli. Taabu ilikuwa hiyo petroli. Siku bomba la vila halina kitu, mtu hununua kwa madumu, na kwa nchi yetu ilivyo, mtu mwenye madumu anatiliwa shaka kuwa anawapelekea waasi. Siku moja tropa, askari wa jeshi, walimsimamisha njiani na madumu manne, wakamuuliza anampelekea nani. Akasema ni ya gari lake. Wakamuuliza gari moja linakunywa madumu manne? Walimkalisha siku tatu. Aliporudi alioga, akalala mchana kutwa. Tangu hapo akiona dumu la njano, hata la maji, anageuza uso.

Yeye ndiye aliyeanza habari za gari la betri. Paneli tunazo, akasema, na jua halisimamishwi njiani. Nilimcheka kwanza. Magari hayo niliyajua kwa kuyaona kwenye simu, ya watu wenye nyumba za vioo. Lakini tukaambiwa kwamba Mtwara yanaingia ya mtumba, yaliyokwisha kutumika huko yalikotoka, na bei yake si ya kutisha kama betri imechoka kidogo. Tukauza gari la zamani, tukaongeza akiba ya barafu, ikapatikana pesa ya gari moja, la pili hata tairi lisingepatikana.

"Usiniletee habari za rangi wala redio," aliniambia mume wangu. "Niulizie linafika wapi."

Nilimwelewa. Hapa kwetu hakuna anayenunua gari bila kufikiri siku ile nyingine ya kukimbia.

Siku tuliyokimbia, jirani yetu alikuwa na pikapu. Milio ya risasi ilikuwa imeshafika sokoni. Watoto walipandishwa, mimi nikapanda. Mume wangu alikuwa anamleta Mama mgongoni, kwa kuwa goti lake la kulia halikunjiki tangu zamani, na walipofika gari lilikuwa limeshajaa, watu wamekaa mpaka kwenye kingo. Jirani akasema anachukua mmoja tu, zaidi ya hapo matairi hayatahimili mchanga. Mama akateremka mgongoni mwenyewe, akashika nguzo ya baraza, akasema, "Nendeni. Watoto wanamtaka baba yao." Mimi nilikuwa nimekaa. Ningeweza kushuka. Sikushuka.

Aliokolewa na wanawake wawili wa mtaani waliomkokota kwa mkokoteni mpaka kwenye minazi ya Quionga, akakaa huko na waliobaki. Tulimpata baada ya miezi. Alikuwa amekonda, mifupa imemtoka, na swali lake la kwanza lilikuwa kama watoto wamekula. Hajanisema hata siku moja. Mimi nami sijamwomba radhi, maana nilijiambia nitamwomba kwa vitendo, na gari hili lilikuwa ndicho kitendo chenyewe. Nilimtangazia kila mtu, mpaka wateja wangu wa barafu: nanunua gari kwa ajili ya Mama, asiachwe tena.

Tulivuka mto wa mpakani, pale Namoto, kwa boti, mimi na yeye, kwa sababu alikuwa na miadi ya goti huko hospitali ya Mtwara. Mume wangu alibaki na watoto na friza. Wabeba mizigo walimtoa Mama kwenye boti kwa mikono, kila mmoja upande wake, naye akawa anawaomba samahani njia nzima. Hospitali wakampa dawa za kuchua na maneno matamu. Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja kwa muuza magari.

Alikuwa kijana mnene mwenye maneno laini, kila sentensi ananiita dada. Alikuwa na magari mawili ya betri tu. Moja dogo, jeupe, viti vitano. Jingine refu, la kijivu, mlango wa pembeni unaoteleza, viti saba, lililokuwa likibebea mikate kabla ya kufungwa viti tena, maana harufu ya hamira haikuwa imetoka. Bei zao zilikaribiana. Akanifundisha kitu ambacho sikukijua: ukiwasha, pembeni ya kioo cha mbele ya usukani kuna vistari kumi na viwili vinavyoonyesha uzima wa betri. Jeupe lilikuwa na kumi. La kijivu lilikuwa na vitano.

Sasa hapo nikaanza kumchosha. Nilimuuliza jeupe likijaa linakwenda kilomita ngapi, akasema mia na thelathini. Nikamuuliza kwenye lami au kwenye mchanga. Akasema dada, kilomita ni kilomita. Nikamwambia wewe hujawahi kufika kwetu. Nikamuuliza likiwa tupu au likiwa na watu, akasema na watu. Watu gani, wanene au wembamba? Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia silinunui gari kwa kuzungushwa na hewa ndani, nataka kuliona likiwa na nyumba yangu yote.

Jirani na uwanja wake palikuwa na duka la nafaka. Nikaenda nikaazima magunia, nikaacha kitambulisho changu rehani. Gunia la kilo hamsini la mchele kwa mwanangu mkubwa. La ishirini na tano kwa wa pili. Mfuko wa kumi wa unga kwa mdogo. Mama alikuwa amewekewa kiti kwenye kivuli cha duka, mguu wake umenyooka mbele, ananitazama. Nilipanga magunia kwenye kiti cha nyuma, moja moja, nikiyataja kwa sauti: huyu mkubwa, huyu wa pili, huyu kitinda mimba. Nilimkalisha muuzaji kwenye usukani, nikamwambia leo wewe ni mume wangu, usizoee. Mwenye duka alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikaketi mbele, tukaondoka.

Tulikwenda mbali, nje ya mji, mpaka kwenye njia ya mchanga niliyoitafuta mwenyewe. Lo, kile kigari kiliniingia moyoni. Hakina kelele, hakitetemeki, kwenye mchanga kilijikaza kikapita. Tuliporudi namba ya kilomita ilikuwa imeshuka kwa kadiri ya tulivyokwenda na kidogo juu. Nilipiga hesabu ya kukimbia kutoka kwetu mpaka Mocímboa, nikaona tunafika na tunabakiwa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata siku nyingi. Pesa zilikuwa kiunoni, nimezifunga kwenye kanga ya ndani. Nikamwendea Mama huku nafungua fundo.

"Mama, tumeenea wote," nilimwambia. "Na linafika."

Akaliangalia gari, akayaangalia magunia.

"Langu lipi?" akauliza.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Mama hakuwa akicheka. Alikuwa anayatazama yale magunia kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti.

"Sikuulizi kwa ubaya, mwanangu," akasema. "Nataka kujua tu."

Nikafungua mdomo nimwambie watoto watabanana, mdogo atapakatwa, Mama atakaa pembeni. Kwa goti lile lisilokunjika? Hakai pembeni yule, anataka kiti na nafasi ya mguu. Nilikuwa nalijua goti hilo kuliko mtu yeyote duniani. Nilimleta kwa boti asubuhi ile ile, nimemshika kiuno, nimemfunga viatu. Na alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu wakati naitaja nyumba yangu yote kwa sauti. Nilisimama na fundo langu la pesa mkononi, na aibu niliyoisikia siwezi kuipunguza kwa kuandika.

Nilijua nilikoitoa ile hesabu ya watu watano. Niliitoa mlangoni kwangu. Kila asubuhi nahesabu mafurushi, moja mpaka tano, nikiona yametimia najua nyumba yangu iko salama.

Kama kawaida yangu, aibu ikageuka hasira. Nilimgombeza muuzaji kwamba magunia yanamwagika, na hayakuwa yakimwagika. Niliyabeba mwenyewe kwenda kwenye lile la kijivu, nikayatupia viti vya nyuma kabisa. Nikamwambia alete stuli. Tukamwinua Mama, akapanda kwa kinyumenyume, akakaa kiti cha kati, na mguu ukanyooka mpaka mwisho bila kugusa kitu. Muuzaji aliniita pembeni. Nadhani alinionea huruma. Alisema hili ni la mjini, dada, hili ukipata kilomita sitini umshukuru Mungu, na betri yake itaendelea kushuka. Aliniambia ukweli, na ninamshukuru. Nikamwuliza bei ya mwisho, tukavutana mpaka akavua kofia, nikalipa.

Kulifikisha nyumbani ilikuwa kazi. Tulilichaji Mtwara, tukafika karibu na mpaka, tukalala nyumba ya wageni tukilichaji tena kutwa nzima, tukangoja maji yajae na pantoni lifanye kazi, karatasi za forodha zikala siku nyingine. Kutoka Namoto niliendesha mwenyewe, karta yangu ya udereva ninayo, bila feni, bila redio, madirisha yamefungwa mchanga usiingie. Jasho lilitutoka. Mama hakulalamika. Karibu na vila taa ya njano ikawaka, halafu gari likaanza kujivuta lenyewe, na tuliingia uani kwetu tukitambaa, watoto wanatembea kando yake wakitupita. Kwa hiyo linapofika nilipajua siku ile ile. Linafika mtoni, basi, na ukifika mtoni unamngoja mwenye pantoni.

Mume wangu alilizunguka mara mbili. Aliviona vistari vitano. Hakupiga kelele, sauti yake haijarudi vizuri tangu zile siku tatu.

"Umetununulia gari la kufika mtoni," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza habari ya magunia, yote, na swali la Mama. Alikaa kwenye ngazi ya lile gari, akayafunika macho kwa kiganja. Yeye ndiye aliyekuwa amembeba siku ile. Mimi huwa nasahau kwamba na yeye alipanda. Baadaye aliingia ndani akamwamkia Mama, ingawa alikuwa ameshamwamkia, akakaa naye kitako mpaka magharibi.

Sitadanganya kwamba nina amani. Kila likichajiwa natazama vile vistari, na juzi kimoja kimezimika, vimebaki vinne. Barafu linapeleka Quionga na kurudi vizuri tu, lakini nikisikia kishindo, hata cha mtu anayepakua mabati, kitu cha kwanza kinachonijia ni zile kilomita za jeupe. Huenda nimekosea. Huenda siku moja watoto wangu wataniuliza kwa nini sikuchukua lile la kwenda mbali, na sijui nitawajibu nini.

Siku zile za mwanzo Mama sikuwa nimemwambia neno. Nilitaka kumwomba radhi njia nzima kutoka Namoto, nikawa naangalia ile taa. Asubuhi ya siku ya tatu baada ya kurudi niliamka, nikajifunga kanga, nikayapitishia macho mafurushi kama desturi yangu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikaanza kuondoka, nikarudi.

La sita lilikuwa limewekwa nyuma ya la mdogo, upande wa ukutani. Ulikuwa ule mfuko wangu wa zipu, umekung'utwa maganda ya vitunguu. Niliuinua, ulikuwa mwepesi. Ndani mlikuwa na kanga mbili, dawa ya kuchua goti na tasbihi. Mama alikuwa jikoni, namsikia anapuliza moto. Niliurudisha pale pale, nikausogeza mbele kidogo uonekane, halafu nikatoka uani kuliunganisha gari na umeme.