Viti viwili, watu wawili: dereva wa basi la shule na gari lake la mbio

Mvua ya asubuhi imebaki manyunyu, na basi la njano linakaribia geti la shule. Dereva anatoa mguu kwenye mafuta mapema, anagusa breki kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, na basi linasimama bila mtu kuyumba. Watoto wa viti vya nyuma bado wamekaa. Hawajajua kama wamefika.

"Jamani, ndio hapa. Au mnataka niwaingize na basi mpaka darasani?" anawauliza kupitia kioo cha ndani.

Wanashuka wakicheka. Wa mwisho ni msichana mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, na dereva anasubiri mpaka avuke lango ndipo anafunga mlango.

Madereva wenzake wanamwita Konokono. Ana miaka arobaini na mmoja, na tangu akabidhiwe basi hilo halijapata hata mkwaruzo. Wazazi humpigania. Mwaka aliohamishwa njia, walikwenda ofisini wakakaa kwenye benchi mpaka aliporudishiwa watoto wao.

Anarudisha basi yadi, anakabidhi ufunguo, kisha anazunguka nyuma ya mabasi yaliyoegeshwa. Huko kuna gari linalomfika kiunoni, rangi ya ndimu mbichi, injini iko nyuma ya viti, milango miwili na viti viwili tu. Halina redio wala zulia. Liliundwa lizunguke uwanja wa mbio, si kukwepa mashimo ya mitaani.

"Konokono kaingia kwenye ganda," anasema dereva mmoja.

"Mwangalieni, hata miguu haionekani," anadakia mwingine. "Dada, ukifika nyumbani tupigie tuje tukuvute."

"Nyie chekeni. Mafuta nanunua mwenyewe."

Hilo ndilo gari lake la kila siku. Analiendea sokoni, analiendea kazini, na kila Jumanne anampeleka nalo mama yake kwenye matibabu ya magoti. Mzazi mwenye kijana anayetamani gari la namna hii na asome taratibu kuanzia hapa, kwa sababu nusura gari hilo limuue mwenyewe siku ya kwanza. Wala hakuwa anakimbiza. Upole wake ndio ulitaka kumponza.

Mapenzi ya mbio aliyapata akiwa kazini. Jumamosi basi lilikuwa likikodishwa kupeleka watazamaji kwenye uwanja wa mbio za magari. Madereva wengine walilala kwenye viti mpaka jioni. Yeye alisimama kwenye uzio, pale kwenye kona kali.

"Watu walikuwa wanaangalia nani yuko mbele," anasema. "Mimi nilikuwa naangalia nani anaanza breki wapi. Yule aliyeanza mapema kidogo na akaachia mapema, ndiye aliyekuwa anatoka kwenye kona na mwendo. Nikajiambia, mbona hii ni kazi yangu?"

Klabu ya uwanja ilikuwa ikifundisha kwa gari la kukodi. Akajaribu mara moja, akarudi, akawa hakosi. Mwalimu wake anamwelezea kwa maneno machache: "Hana papara. Gari halishtuki mikononi mwake."

Kwa miaka tisa alitenga robo ya mshahara. Kisha gari lake kuukuu lilikata roho barabarani, na ikambidi achague. Fedha zilitosha gari moja tu, la kazi zote. Kwenye duka la magari kulikuwa na gari zuri la mwendo kasi, viti vya ngozi, hewa baridi, buti la kuingiza mizigo ya wiki nzima. Na mwanachama mmoja wa klabu alikuwa akiuza lile la rangi ya ndimu. Aliyaendesha yote mawili, la dukani barabarani, la ndimu uwanjani.

"Lile la dukani ni kama kuzungumza na mtu aliyejifunika blanketi. Unamwambia jambo, anakujibu, lakini kwa mbali. Hili nikiwaza tu kukata kona, limeshakata."

Mama yake, mshonaji nguo aliyestaafu baada ya magoti kumgomea, hakutaka kusikia habari za blanketi.

"Gari la mtu mwenye akili zake lina milango minne," alisema.

"Mama, humu ndani tunaishi wangapi?"

"Wawili."

"Na viti viko vingapi?"

"Usinifanyie hesabu za darasa la kwanza. Mimi nauliza magoti yangu utayaweka wapi."

Wakaafikiana hivi. Muuzaji alikuwa amekubali gari likae kwao wiki moja kabla ya kuuziana, na nyuma yake alikuwapo mnunuzi mwingine anayesubiri. Jumanne ni siku ya matibabu. Mama akiweza kupanda na kushuka mwenyewe, gari linabaki. Akishindwa, linarudi.

"Na likirudi usininunie," mama aliongeza. "Sitaki kuishi na mtu aliyefura kama andazi."

Muuzaji alimkabidhi gari Jumapili asubuhi, akalisifu: lina breki za mbio na tairi za mbio. Hapo ndipo lilipo kosa ambalo wengi wangelifanya. Mtu akisikia breki za mbio anadhani ni breki kali kuliko zote, wakati wote. Konokono naye alidhani hivyo. Uwanjani alikuwa hajawahi kuzikuta zikiwa baridi, kwa sababu pale kila gari huzunguka kwanza kupasha moto ndipo watu waachiwe kukimbiza.

Barabarani hakuna wa kukuzungushia. Alitoka kwa muuzaji taratibu, hewa ya baridi, barabara tupu. Kwenye makutano ya kwanza taa ikawa nyekundu. Akatoa mguu mapema, akagusa breki kwa ule upole wake wa kila siku.

Gari halikupungua.

"Nilidhani nimekanyaga pembeni," anasema. "Nikakanyaga tena. Ni kama kukanyaga ubao. Nilipokuja kukanyaga kwa nguvu zote nilishavuka mstari, na lori liko ubavuni kwangu linapiga honi. Nilikuwa naangalia nati za tairi lake. Nati, si lori."

Lori lilipita mbele ya bampa, nafasi ya kiganja. Yeye akaegesha kando na kuzima injini. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukanyaga breki za mbio.

Nyumbani aliweka ufunguo mezani. Mama yake akaweka kando shati alilokuwa akilitia vifungo.

"Imekuwaje?"

Akamweleza, hakupunguza kitu.

"Rudisha," alisema mama.

"Mama, Jumanne bado."

"Mimi nimebakiwa na wewe tu. Hiyo Jumanne utanipeleka na nini, na jeneza? Rudisha leo."

"Nipe mpaka kesho. Nimpelekee fundi anipe sababu. Kama sababu haina dawa, narudisha mwenyewe, na sitanuna."

Mama akauchukua ule ufunguo, akautia mfukoni mwa gauni lake. "Kesho nitakupa. Leo pumzika."

Fundi wa magari ya klabu ni mzee asiyependa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyatoa. Breki pedi za mbio, alisema, hazishiki mpaka zichemke. Anayekimbiza huzichemsha kwa kona mbili tatu. Anayeendesha kistaarabu hatazichemsha hata mwaka.

"Hatari ya gari hili si kwa vijana wenye wazimu," alimwambia. "Hatari ni kwa mtu kama wewe. Tairi nazo ni hivyo hivyo. Hizi zimekaribia kuwa kipara. Mvua ikinyesha utateleza kama sabuni."

"Kwa hiyo halifai barabara?"

"Nani kasema? Limevaa nguo za uwanjani. Livue."

Vifaa vya barabarani vilivyokuja na gari tangu kiwandani vilikuwa stoo kwa muuzaji: breki pedi za kawaida, tairi zenye mifereji, kiti cha abiria chenye sponji, mkanda wa kawaida. Alipoombwa, muuzaji alishangaa. "Nilivitoa ili lipate soko," alisema. "Nilidhani utavidharau." Fundi alivifunga vyote, akainua gari vidole viwili, akalegeza shokapu ili lisirushe watu kwenye matuta. Injini na usukani havikuguswa. Kisha Konokono akalipeleka kwenye uwanja wa wazi, akakanyaga breki zikiwa baridi, tena na tena, kwa upole kama wa basi, mpaka moyo wake ukatulia.

Haya ndiyo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha, na yanafaa kuulizwa bila aibu: pedi zilizofungwa ni za nini, tairi ni za nini, na vitu vilivyotolewa viko wapi. Gari halina kosa. Kosa ni kuliamini kwa sifa.

Jumanne ilikuja na mvua. Mama alisimama mbele ya mlango wa gari ameshika mkoba kifuani.

"Lipe mgongo," alielekezwa. "Kaa kwanza. Kichwa chini. Sasa ingiza miguu, mmoja mmoja."

"Mtaka cha mvunguni," alisema mama akiinama, na asimalize, maana alikuwa ameshatua kitini. Akatazama huku na huku. "Mbona tumekaa chini hivi? Naona magoti ya watu."

"Utazoea."

"Tuta hilo. Umeliona tuta?"

"Nimeliona, mama."

"Nakuambia tu."

Akalipanda tuta kimshazari, gurudumu moja moja, mama akiwa ameng'ang'ania mkanda. Hakuna kilichogonga chini. Walipita la pili, na la tatu mama akasahau kulitangaza.

Karibu na soko, kwenye mteremko wa mtaa wa pembeni, mkokoteni wenye masanduku ya soda ulimponyoka mwenyewe. Ulitokeza barabarani peke yake, mbele yao kabisa. Konokono alikanyaga. Gari lilikaa chini, likang'ata lami iliyolowa na kusimama wima, bila kupinda. Mkokoteni ulipita mbele ya pua ukaenda kugonga ukingo wa mtaro, chupa zikamwagika. Nyuma yao gari dogo la mizigo lilivuta breki likateleza na kukaa mkao wa upande.

Mwenye mkokoteni alifika akihema, mikono kichwani. "Samahani mama zangu. Samahani sana."

Mama alikuwa bado ametandaza kiganja kwenye dashibodi. Alikiondoa polepole, akakitazama.

"Kumbe linasimama," alisema.

"Linasimama, mama."

"Twende. Nitachelewa zamu yangu."

Lakini sharti lilikuwa kupanda na kushuka. Mlangoni mwa zahanati mlinzi alikuja na mwavuli, akaona mama mtu mzima ametumbukia kwenye gari la kijani, akanyoosha mkono. Konokono alimzuia. "Mwache. Ana mapatano yake."

Mama alitoa miguu, akasukuma, akainuka nusu, akarudi kitini kwa kishindo. Binti yake alipiga hatua moja.

"Kaa mbali," mama alimwambia. "Sijakuita."

Akapumua. Akakitazama kizingiti cha mlango, kipana kama benchi. Akajisogeza mpaka akakikalia, mvua ikimnyeshea begani, akakandamiza kwa viganja viwili. Magoti yalimtetemeka, akaguna, akasimama. Akanyoosha gauni na kumpa mlinzi mkoba amshikie, kama mtu aliyeshuka kwenye ngazi za ukumbi.

"Unashangaa nini?" alimuuliza binti yake. "Funga mlango, mvua inaingia kwenye gari letu."

Jioni ile Konokono alimlipa muuzaji. Yule mnunuzi mwingine aliambiwa atafute lingine.

Sasa anajiandaa kwa mashindano yake ya kwanza, mwezi ujao, katika kundi la magari yanayofika uwanjani yakiendeshwa, si yakibebwa kwa trela. Pedi za mbio atazifunga akishafika, na atazivua kabla ya kutoka getini. Kwake kurudi nyumbani nazo ni mwiko, hata kama giza limeingia na mikono imechoka.

Tatizo ni tairi. Buti la mbele ni dogo, na wenzake wenye magari kama hilo huzibeba tairi za mbio kwenye kiti cha abiria, zimepangwa na kufungwa mkanda. Mwalimu amemwonya kwamba akishindana na tairi za barabarani ataachwa kwenye kila kona.

Mama yake, aliyesikia kila kitu akiwa jikoni, ameshajishonea kofia ya jua yenye ukingo mpana, rangi ya ndimu mbichi.

"Tairi zitabaki stoo," anasema Konokono, akifuta tope kwenye kizingiti cha upande wa abiria. "Wakiniacha kwenye kona, nitawapata kwenye breki. Kile kiti kina mwenyewe."