Mgombea Aliyeitwa Sabra

Nimefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na kama kuna kitu najivunia ni kwamba nikikadiria sikosei. Mwaka 1994 nilikadiria, nikapatia, na mpaka leo naona haya.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mtaani kwetu, Mfaranyaki. Maduka yalikuwa yameanza kujaa sabuni na redio, na kila mwenye baiskeli alikuwa na bendera ya chama fulani, hata asiyejua chama hicho kinataka nini. Jirani yangu Sabra akachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane. Serikali ilikuwa imempunguza kazi ya uchapaji, sasa anauza mitumba sokoni. Sabra akiona mtaro umeziba hasubiri kikao. Anachukua jembe anaanza kuzibua, na aibu inakutoa ndani mwenyewe. Mimi ilikuwa imenitoa mara tatu. Aliponiomba nimsaidie kampeni sikuwa na pa kujificha.

Tatizo lilikuwa jina. Sabra alikuwa Mngoni wa Maposeni, Mkatoliki, wa benchi la mbele kila Jumapili. Watu wa Maposeni tunawajua: ni akina Sixbert, akina Ursula, majina waliyoyaleta mapadre tukayazoea kama ugali. Sabra ni jina la Kiislamu. Alipokuwa akiuza mitumba hakuna aliyejali. Alipoomba kura, kila mtu akawa mpelelezi.

Mama Walburga, kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani, alinisimamisha njiani.

"Mwalimu, huyo mtu wako amebadili dini lini?"

"Hajabadili, mama. Si mnakaa benchi moja?"

"Basi anakaribia kuolewa huko. Jina kama lile haliji hivi hivi."

Mimi na Sabra tukaenda kwa Bwana Iddi, mtu wa Tunduru mwenye duka la vitambaa, ambaye Waislamu wengi wa mtaa walimsikiliza. Alitupokea kwa bashasha. "Karibu, dada yetu! Alhamdulillahi, na sisi tumepata mtu." Akaagiza chai. Sabra akainama kupokea kikombe, rozari ikachomoza shingoni. Bwana Iddi akaitazama, akaweka kikombe chake chini. Tulipokuwa tunatoka alinivuta pembeni.

"Mwalimu, mkitaka kura, ombeni kwa jina lenu. Hili mmeazima."

Basi Wakristo walimhesabu upande wa Waislamu, na Waislamu wakamrudisha kwa Wakristo. Mpinzani wake, Sixbert, fundi seremala mpole, hakuhitaji hata kufungua mdomo. Nikakaa na kalamu yangu, nikapita nyumba kwa nyumba kichwani. Jina litamgharimu kura thelathini, pengine arobaini. Nilijua pia kwamba cheti chake cha ubatizo kimeandikwa Fausta. Nikanunua karatasi sita za manila na rangi nyekundu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: CHAGUA FAUSTA. Sikumwuliza. Walimu tuna ugonjwa huo, tukishapata jibu hatuoni sababu ya kuuliza swali.

Nilizipeleka kwake Alhamisi mchana. Alikuwa na mgeni, bibi mmoja kutoka Tunduru aliyekuja kutibiwa macho hospitali ya Peramiho. Wiki mbili nilikuwa nampa shikamoo kila siku, namwita bibi, na ikatosha. Siku hiyo alikuwa mkekani anamenya karanga kwa kupapasa.

Sabra akakunjua manila ya kwanza. Akasoma.

"Wameandika nini, mwanangu?" bibi akauliza.

Sabra alinitazama mimi kwanza, ndipo akajibu. "Wameandika jina langu, mama."

"Jina lako," bibi akarudia. Akacheka peke yake kwa furaha, akaendelea na karanga zake.

Mimi nikaondoka napiga mluzi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Sabra alikuwa mlangoni kwangu, manila zote kwapani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mwalimu, jana nimemdanganya mama yangu. Andika upya."

"Mama yako si alifariki?"

"Aliyenizaa alifariki."

Tulikuwa majirani kwa miaka sita, na siku hiyo ndipo nilipojua. Mama yake alifia Maposeni siku ya kumzaa. Wiki hiyohiyo, katika kijiji hichohicho, mke wa mchuuzi mmoja wa chumvi kutoka Tunduru alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza. Kifua kilikuwa kimejaa, na hakuna wa kunyonya. Mzee Leo, baba wa kichanga, alikwenda kusimama mbele ya nyumba ya wageni wale na mtoto mikononi. Mwanamke yule hakumngoja aseme. Alinyoosha mikono. Alimnyonyesha mtoto wa watu miaka miwili, mumewe akiahirisha safari ya kurudi kwao kila mwezi. Hakujaliwa mtoto mwingine maishani. Walipoondoka, Mzee Leo hakuwa na cha kuwapa. Akampa binti yake jina la mwanamke yule, akaagiza hata daftari la shule liandikwe hivyo. Padre alikuwa na Fausta yake, nyumbani na shuleni alikuwa Sabra.

Bibi wa karanga aliitwa Sabra. Mimi, mwalimu mzima, sikuwahi kumwuliza.

Na bado ulimi wangu haukutosheka. "Lakini bibi haoni," nikasema. "Hatajua."

"Ndiyo maana siwezi, Mwalimu."

Nikajaribu njia nyingine. Basi tuitishe mkutano, tuwaeleze watu habari yote. Nani atakayesikia hayo akamnyima kura?

"Hapana," akasema. "Maziwa yale sikupewa ili niyaombee kura."

"Tutashindwa."

"Pengine. Andika."

Nikazigeuza manila upande wa pili, nikaandika SABRA, herufi kubwa kupita za jana. Alinikataza kusema, na nilitii kwa kadiri ya uwezo wangu, yaani niliwaambia wawili tu. Bwana Iddi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ni dada yetu kweli. Aliyenyonya kwetu ni wetu." Jioni akampelekea bibi kilo mbili za sukari. Mama Walburga alijifuta macho kwa pembe ya khanga. "Kuzaa si kazi," akasema, "kazi ni kulea." Wawili hao walinisaidia. Wengine walibaki na yao.

Kura zilihesabiwa Jumapili alasiri darasani kwangu. Watu walijaa mpaka mlangoni. Bibi aliomba aletwe, tukamweka kwenye kiti nje, chini ya dirisha. Msimamizi, mtumishi mgeni kutoka Mwanza mwenye sauti nzito, alifungua karatasi ya kwanza akaiinua.

"Sabra!"

"Abee!" ikaitika sauti kutoka nje.

Darasa zima likacheka. Msimamizi akafungua nyingine. "Sixbert!" Kimya. "Sabra!"

"Abee!"

Wakacheka tena, wachache zaidi. Kufikia kura ya kumi hakuna aliyecheka. Msimamizi akasimamisha mkono hewani.

"Nani huyo anayeitika?"

"Ni mama yangu," Sabra akasema. "Ni jina lake. Mnamwita."

Yule bwana alitazama dirishani kitambo. Kisha akaendelea, lakini sasa kila alipofika kwenye jina lile alilitamka taratibu, kama mtu anayemwita mama wa nyumba, na alingoja jibu ndipo achukue karatasi nyingine. Hakuna kanuni ya uchaguzi inayosema hivyo. Namshukuru mpaka leo, nami sikulijua hata jina lake.

Sixbert alipata 203. Sabra alipata 187. Kura kumi na sita tu, na jina lilikuwa limekula zaidi ya hizo. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Sijawahi kushukuru hivyo kwamba kuna mtu aliyekataa kunisikiliza.

Sabra alimpa Sixbert mkono, akatoka nje, akapiga magoti mbele ya kile kiti. Nilikuwa nyuma yake.

"Mama, nimeshindwa."

Bibi alipapasa mpaka akaupata uso wake.

"Nilipomzika yule wa kwangu, nilijua jina langu nitalizika mimi mwenyewe," akasema. "Leo nimeitwa mara mia moja themanini na saba, mwanangu. Nimeitika zote."