Mwenye Uwanja Mpana

Kila likizo ya Juni, ndugu na majirani walipojaa uwanjani kwake kijijini Nyakasimbi, mama mmoja alikuwa haketi. Alifunga mbwa, akafunika kwa mbao shimo la kuivishia ndizi, akatikisa kila benchi kwa mikono yake mipana, huku akinong'ona, "Mgeni asiumie kwangu." Mwaka ule alisahau benchi moja. Likavunjika, na jirani yake Mbonimpa akaanguka akavunjika mkono, ilhali kahawa yake shambani imekwisha iva. Laurensia, mke wa Mbonimpa, akapaza sauti: "Kesho tunakwenda kwa balozi wa nyumba kumi!" Mama yule angeweza kusingizia pombe aliyokunywa Mbonimpa. Lakini sauti yake ikabaki ya chini kama siku zote. "Shemeji ameumia kwangu. Kahawa yenu ni juu yangu."

Asubuhi akafika shambani mwao na kikapu, na hakukosa hata siku moja. Laurensia alichuma upande wa pili bila kumsemesha. Wiki ya tatu akamletea uji. Walipomaliza mti wa mwisho wa kahawa, Laurensia akajifuta mikono, akasema, "Mama, Agosti tunamwoza binti yetu. Kwetu ni padogo. Tunaomba wageni tuwapokelee kwako."